Jinsi ya kuonja Zinfandel na kuzilinganisha bila kudanganywa na lebo

Mara ya kwanza kuandaa kikao cha kuonja Zinfandel, waini nyekundu ya California, hapa Sacramento niliharibu kila kitu. Nilialika watu saba, nikanunua chupa sita, nikaziacha kwenye buti la gari tangu asubuhi, na ilikuwa mwezi wa saba, jua la huku mwezi wa saba linafika nyuzi 40 bila aibu, afu nikapika pilau na kachumbari yenye pilipili mbuzi, afu nikaanza kumimina ile yenye kilevi cha asilimia 16 manake ndo ilikuwa ya bei kubwa kuliko zote na nilitaka kuwashangaza wageni. Nusu saa baadaye kila mtu anasema neno moja tu: inachoma. Hakuna aliyeweza kutofautisha chupa ya kwanza na ya sita, na mimi mwenyewe sikuweza ila nilikuwa natingisha glasi kama mjuzi.

Toka siku ile nimeonja nyingi, mashamba ya zabibu ya Lodi ni dakika 40 tu kutoka hapa, na nimegundua kwamba hii waini ina siri moja, ukiielewa hiyo mengine yote yanakaa sawa. Zabibu yake haiivi pamoja. Ukishika kichala kimoja tu shambani unakuta punje zingine bado kijani au pinki, zingine zimeiva vizuri, na zingine zishasinyaa zimekuwa zabibu kavu kabisa, zote kwenye kichala kimoja. Sasa mkulima afanyeje? Akivuna mapema anapata uchachu na ubichi. Akisubiri zile za kijani ziive, zile zingine zinakauka, sukari inapanda, na sukari ndo inayogeuka kuwa kilevi. Afu zile kavu zina ujanja, zikilowa ndani ya tangi zinaachia sukari taratibu, kwa hiyo kilevi kinaishia juu kuliko alivyopiga hesabu siku ya kuvuna. Ndo maana Zinfandel ya asilimia 15 ni kitu cha kawaida kabisa.

Kwa hiyo unapolinganisha Zinfandel usijiulize kwanza ipi tamu kuliko nyingine. Jiulize huyu alivuna lini, na zile punje zilizokauka alizifanyia nini. Mwongozo wote huu unazunguka hapo.

Hatua ya 1: Nunua chupa zenye sababu

Usiende dukani ukabeba sita zilizopangwa pamoja. Chupa nne au tano zinatosha, na kila moja iwepo kwa kazi yake. Mi hupanga hivi.

Moja ya Lodi. Huko ni bondeni, joto, udongo mwingi wa kichanga, jioni unakuja upepo wa baridi kutoka upande wa delta ya mito. Waini zake mara nyingi ni laini, hazichachuki sana, zina ladha ya jamu. Bei nayo ni rafiki, kuna nzuri tu kwa dola 15 hadi 25.

Moja ya Dry Creek Valley, kule Sonoma. Hii kwangu ndo kipimo cha zingine zote, ina matunda meusi, ina pilipili manga, na uchachu unabaki wa kutosha mdomo usichoke. Ukikosa Dry Creek chukua yoyote iliyoandikwa Sonoma County, ya kiwanda cha Seghesio kwa mfano inapatikana kirahisi.

Moja ya Amador, vilimani chini ya Sierra Nevada, kule walikokimbilia watu wa dhahabu miaka ya 1850. Hizi ni nzito, zina viungo, kilevi juu. Kama unataka kuelewa maana ya kuvuna ukiwa umesubiri sana, anzia hapa.

Moja ya sehemu ya baridi, mfano Russian River Valley. Huko matunda yanaelekea kwenye wekundu zaidi ya weusi na uchachu unasimama.

Na ya mwisho iwe Primitivo ya Puglia, kule kusini mwa Italia kwenye kisigino cha buti. Kwa nini Primitivo? Kwa sababu ni zabibu ileile. Mwaka 1967 mtaalamu wa magonjwa ya mimea kutoka chuo kikuu cha Davis hapa California, Austin Goheen, alikuwa Italia akaonjeshwa Primitivo akashangaa inafanana na Zinfandel ya kwao, akaja kutazama na mizabibu yenyewe, inafanana pia. Miaka ya 90 vipimo vya DNA vikathibitisha. Lakini Waitaliano nao hawakuwa wenye mali, manake Carole Meredith wa chuo cha Davis akishirikiana na Ivan Pejić na Edi Maletić wa Zagreb waliendelea kutafuta hadi mwaka 2001 wakaipata kwenye mizabibu michache pale Kaštel Novi, pwani ya Kroatia, wenyeji wanaiita Crljenak Kaštelanski. Kwa hiyo zabibu ambayo Wamarekani waliiita ya kwao miaka yote ni mhamiaji kama mimi tu, ilikuja tu bila karatasi zake.

Jitahidi miaka ya mavuno iwe sawa au ipishane mwaka mmoja. Ukilinganisha ya miaka miwili na ya miaka kumi utakuwa unapima uzee, haupimi sehemu.

Vipi ile ya pinki, White Zinfandel? Wajuzi wanaicheka sana, mi siicheki. Zabibu ni hiyohiyo ila juisi inatolewa kwenye maganda mapema kabla haijakolea rangi. Ile tamu tunayoijua ilitokea kwa bahati mbaya, kiwanda cha waini cha Sutter Home walikuwa wanatoa juisi ya pinki pembeni toka mwaka 1972 ili nyekundu yao ikolee, mwaka 1975 tangi moja likagoma kuchachuka hadi mwisho, sukari ikabaki, mtengenezaji wao Bob Trinchero akaionja akaona hii inauzika. Iliuzika kweli. Na kwa sababu iliuzika wakulima hawakung'oa mizabibu yao ya zamani, ambayo leo wajuzi haohao wanalipia hela nyingi. Ukitaka kuiweka kwenye kikao iweke ya mwisho, kitu chenye sukari kikitangulia vyote vinavyofuata vitaonekana vikali na vichungu. Sisi tuliokulia na waini nyekundu tamu ya Dodoma hili jambo linatuhusu kabisa, ulimi unataka sukari kabla hujauuliza.

Hatua ya 2: Soma lebo kabla hujazifunika

Chukua karatasi uandike vitu vitatu vya kila chupa: sehemu, mwaka, na asilimia ya kilevi. Asilimia ndo muhimu zaidi ila usiiamini mia kwa mia, sheria ya Marekani inaruhusu ipishane kwa nukta moja nzima juu au chini ikishavuka 14. Yaani iliyoandikwa 15 inaweza kuwa 16 kwa ukweli wake na hakuna atakayemshika mtu.

Jina Zinfandel likiandikwa maana yake angalau asilimia 75 ni hiyo zabibu, robo iliyobaki inaweza kuwa zabibu za aina nyingine, mara nyingi Petite Sirah, Carignane au Alicante Bouschet. Sio uchakachuaji. Wazee wa zamani walipanda mchanganyiko shambani kabisa, mzabibu huu wa hivi na ule wa vile, wakavuna kwa mkupuo na kuchachusha pamoja. Kiwanda cha Ridge wana chupa mbili maarufu, Geyserville wanayoitengeneza toka mwaka 1966 na Lytton Springs, ambazo mbele hazijaandikwa Zinfandel kwa herufi kubwa, zina jina la shamba, ila wanakutajia kila zabibu na asilimia yake. Napenda sana watu wanaoandika hivyo.

Maneno ya kupuuza: Reserve, halina maana yoyote kisheria huku. Old Vine, yaani mizabibu mizee, nalo halina kipimo kisheria, mmoja anamaanisha miaka 35 mwingine anamaanisha zaidi ya 100. Mizee ya kweli ipo, mifupi, minene, inasimama yenyewe bila waya kama mibuyu midogo, na mingine ilipona kwa sababu ya kuchekesha: miaka ile pombe ilipopigwa marufuku Marekani, 1920 hadi 1933, familia iliruhusiwa kutengeneza nyumbani hadi galoni 200 kwa mwaka, hizo ni kama lita 750, kwa hiyo zabibu zilipakiwa kwenye treni kwenda mashariki na wakulima wa Lodi hawakulala njaa.

Hatua ya 3: Poza

Hapa ndo wengi tunapokosea. Nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sawa, ila hicho chumba kilikuwa cha Ulaya enzi hizo hakina hita. Zinfandel inataka nyuzi 16 hadi 18. Ikiwa ya moto kilevi kinapanda puani kinafunika kila kitu, unasikia kama unanusa spiriti ya hospitali. Kama nyumba yako ina joto la nyuzi 25 weka chupa zote kwenye friji kama saa nzima kabla, na zote kwa muda sawa, ukipoza moja na nyingine ukaiacha hujalinganisha kitu. Na zilizokaa kwenye buti la gari kwenye jua usizipeleke kikaoni, ninakuomba, zikishapikwa zinakuwa na ladha ya matunda yaliyochemshwa na kizibo wakati mwingine kimesogea juu.

Glasi ziwe za aina moja, hata kama ni za bei rahisi, zenye mdomo uliobana kuliko tumbo. Zioshwe kwa maji ya moto, sabuni yenye harufu iepuke. Na wageni waambie wasijipulizie manukato siku hiyo, udi na marashi tuviache vya harusini.

Hatua ya 4: Funika, panga, mimina kidogo

Kila chupa ivalishe mfuko wa khaki au soksi safi, piga mpira shingoni, andika namba. Asijue mtu, na wewe mwenyewe mwombe mtu mwingine azibadilishe namba ukiwa umetoka nje. Hii sio michezo, manake nimeona kwa macho yangu jamaa akiisifia chupa ya dola 50 kumbe kwenye mfuko nilikuwa nimeweka ya 14.

Utaratibu ni kutoka kilevi cha chini kwenda cha juu. Kwa hiyo anayepanga aangalie ile karatasi ya hatua ya 2, wengine wasiione.

Kipimo ni mililita 50 kwa kila glasi, chupa moja ya 750 inawatosha watu wengi tu. Fanya hesabu kidogo: glasi sita za mililita 50 ni mililita 300, kwa asilimia 15 hiyo ni zaidi ya vipimo viwili na nusu vya kilevi vya Kimarekani, kabla hata chakula hakijaja. Kwa hiyo weka vikombe vya kutemea. Najua kwetu kutema kitu mbele za watu ni kukosa adabu, mama mkwe wangu siku ya kwanza aliondoka mezani, ila mwambie kila mtu mwanzoni kabisa kwamba leo kutema ndo adabu, toa vikombe vya karatasi visivyoonyesha ndani, na anayeendesha gari asimeze kabisa. Maji yawepo, na mkate mkavu au biskuti isiyo na sukari.

Hatua ya 5: Onja kwa mpangilio uleule kila glasi

Tazama kwanza, juu ya karatasi nyeupe. Zinfandel yenyewe haina weusi mkubwa sana, ikiwa nyeusi tii kama wino shuku kuna Petite Sirah au Alicante humo ndani. Ukingo wa zambarau ni kijana, ukielekea rangi ya tofali imeanza kuzeeka.

Nusa kabla hujatingisha. Afu tingisha, nusa tena, haraka, mara mbili fupi ni bora kuliko moja ndefu. Hapa tafuta kasoro: harufu ya boksi lililoloa au stoo yenye ukungu, hicho ni kizibo kimeharibu, chupa hiyo toa. Harufu ya rangi ya kucha au siki, hii utaikuta kwenye Zinfandel mara nyingi kuliko waini zingine kwa sababu ya zile punje kavu na sukari inayoipa hamira shida. Kidogo tu inaleta uchangamfu, ikizidi ni ubovu.

Piga funda dogo, lizungushe mdomo mzima, vuta hewa kidogo kwa meno ukiwa nayo mdomoni (utatoa sauti kama mzee anayepuliza chai ya moto, kila mtu atacheka, endelea). Sasa jiulize vitu vinne, na hivi vinne ndo vya kulinganisha. Mate yanatoka pembeni ya mashavu? Huo ni uchachu, yakitoka mengi alivuna mapema kidogo au sehemu ina baridi. Ufizi unakauka kama umekula ndizi mbichi? Hiyo ni tanini, kwenye Zinfandel huwa ya wastani, ikiwa kubwa kuna zabibu nyingine au pipa limesaidia. Koo linapata moto baada ya kumeza au kutema? Hicho ni kilevi. Na tunda lenyewe ni bichi, limeiva, au limepikwa?

Baada ya kutema hesabu kimyakimya hadi ishirini. Kilichobaki mdomoni ni nini, tunda au moto? Hapo ndo nzuri na ya kawaida zinaachana. Nimekutana na za asilimia 15.5 ambazo moto hausikiki kwa sababu tunda na uchachu vimeubeba, kuna za kiwanda cha Turley zinafanya hivyo, na nimekutana na za 14.5 zinazowaka. Namba haikuambii peke yake.

Hatua ya 6: Tumia maneno ya mdomo wako

Vitabu vya huku vinataja matunda ya porini ambayo mimi nimeyaona kwa macho nikiwa na miaka thelathini. Utasoma neno, utatikisa kichwa, hakuna kilichokuja kichwani. Achana nayo. Ladha unayoikumbuka ni ile uliyoila ukiwa mtoto, na sisi tuna za kutosha kabisa.

Mi natumia hizi. Forosadi zilizoiva hadi zinachafua vidole, hiyo ni Dry Creek ya kawaida kabisa. Zambarau, zile zinazobana ulimi, nikikuta tanini. Juisi ya rozela, nyekundu na chachu, hiyo ni sehemu ya baridi, Russian River mara nyingi. Plamsi za Lushoto. Jamu ya stroberi iliyokaa motoni muda mrefu, Lodi. Tende na zabibu kavu, maana yake alisubiri sana shambani. Pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi, karafuu, mdalasini, na hapa mtu wa pwani au Zanzibar ana faida kubwa kwani anajua tofauti ya karafuu mbichi na kavu. Nazi na vanila hazitoki kwenye zabibu, hilo ni pipa la mwaloni wa Kimarekani. Tumbaku kavu kwa zilizozeeka.

Jamaa yetu mmoja aliandika "daftari jipya la shule" kwenye glasi namba tatu. Tulimcheka, lakini tulivyorudi kunusa ilikuwa kweli, mbao mpya na karatasi. Acha watu waandike wanachosikia, wakimaliza ndo msomeane, sio kabla, ukiongea wa kwanza watu wote watasikia hichohicho ulichosema.

Hatua ya 7: Jipime

Mkishaonja zote, fanyeni mtihani wa glasi tatu. Mtu mmoja amimine mbili za waini ileile na moja tofauti, mwingine atafute iliyo tofauti akiwa hajui. Anza na jozi rahisi, Lodi na Dry Creek, afu nenda kwenye ngumu, Amador na Primitivo. Mimi Primitivo ilinitoa jasho. Ninachoshika siku hizi ni kwamba Primitivo nyingi za Manduria, hukohuko Puglia, zina kama ukavu fulani wa udongo na majani ya chai mwishoni, za California tunda linabaki mbele hadi mwisho, ila sio sheria, nimeshaanguka mtihani huo mara nyingi kuliko nilivyofaulu.

Alama za kumi au ishirini sizipendi. Nawaomba watu wazipange tu kutoka wanayoitaka hadi wasiyoitaka, na waandike mstari mmoja kwa nini. Ndipo soksi zivuliwe.

Hatua ya 8: Chakula, na kesho yake

Nyama sasa. Mbuzi choma, mishkaki, mbavu za ng'ombe zenye chumvi ya kutosha, vitu vya moshi na mafuta vinakaa vizuri sana na Zinfandel, chumvi inalainisha tanini na tunda linajitokeza. Pilipili kali weka mbali, kilevi na pilipili vinachocheana, nilishakueleza yaliyonikuta. Rudieni glasi zote mkiwa na nyama mdomoni na muangalie mpangilio ukibadilika, manake iliyokuwa ya mwisho kwa uchachu wake ghafla inapanda juu na ile ya jamu iliyopendwa na wote inaanza kuchosha.

Kinachobaki kwenye chupa usimwage. Rudisha kizibo, weka kwenye friji, kesho yake jioni toa uache zipate joto kidogo, uonje tena peke yako kwa mpangilio uleule. Hapa ndo napata majibu yangu ya kweli. Zile zilizovunwa zikiwa zimepitiliza mara nyingi zinakuwa zimelala, utamu wa jamu umekwenda umebaki moto na zabibu kavu. Zile zilizokuwa na uchachu zinakuwa zimefunguka, pilipili manga inatokea ambayo jana haikuwepo. Andika tena pembeni ya maandishi ya jana, usifute ya kwanza. Chupa inayoshinda siku zote mbili ndo ninayorudi kununua tatu, mbili za kunywa na moja ya kuficha kabatini miaka mitano, na zile zilizolala naziongezea kwenye mchuzi wa mkia wa ng'ombe wakati nyama inaanza kulainika.